Baba alikatazwa nyama, sasa anaambiwa ale: sahani ya mgonjwa wa figo kabla na baada ya mashine

Swali: Shikamoo Profesa. Naandika kutoka Tanga. Baba yangu ana miaka 61, ana presha ya siku nyingi, sukari hana. Mwaka jana aliambiwa figo zimefika hatua ya nne, akapewa karatasi ya vyakula: asile nyama, maharage, ndizi, mihogo, mchicha, nazi wala machungwa. Akaifuata neno kwa neno. Sasa ana miezi mitatu anasafishwa damu, Jumanne na Ijumaa, mara mbili tu kwa wiki kwa sababu ya gharama. Muuguzi wa kule anamwambia ale mayai na samaki kila siku. Baba hataki, anasema wanataka kummaliza. Anakula uji mweupe, mkate mkavu, na wali kwa kabichi. Alikuwa na kilo 64, sasa ana 57. Kila mlo nyumbani ni ugomvi. Mkweli ni nani, karatasi au muuguzi? Na mihogo na ndizi ndiyo basi tena?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na mzee na wote mnaokaa naye mezani.

Muuguzi yuko sahihi. Karatasi nayo ilikuwa sahihi kwa wakati wake, ingawa nina neno nayo. Siku ile damu ya baba yako ilipoanza kupita kwenye mashine, mahitaji yake ya chakula yaligeuka, na inaelekea hakuna aliyekaa naye chini akamwambia hivyo waziwazi. Kwa mtu aliyejinyima mwaka mzima ili aokoe figo zake, kusikia ghafla "kula mayai" ni kama kuambiwa kwamba mwaka ule wote haukuwa na maana. Ulikuwa na maana. Mwambie hivyo kabla ya neno lingine lolote.

Nianze na sababu, maana mzee anayeelewa sababu hula bila kulazimishwa. Protini tunayokula ikishatumika mwilini huacha taka, kubwa yake ni urea, na anayeitoa ni figo. Hatua ya nne maana yake figo zinachuja kati ya mililita 15 na 29 kwa dakika, wakati mtu mzima mwenye afya huchuja 90 au zaidi. Hapo tunapunguza mzigo. Mgonjwa ambaye hajaanza dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, tunamweka kwenye gramu 0.6 hadi 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni gramu 36 hadi 48. Ona kwamba hiyo si sifuri. Ni kipande kidogo cha samaki mchana na yai moja asubuhi, zinazobaki zinatoka kwenye wali, ugali na mboga. Hapa ndipo nina neno na karatasi ya baba yako: iliandika "asile" mahali palipotakiwa kuandikwa "ale kiasi hiki".

Akishaingia kwenye mashine, urea inaondolewa na kichujio. Lakini kichujio hakina akili ya figo. Figo hurudisha mwilini vile vinavyofaa, kichujio kinapitisha kila kinachoenea kwenye matundu yake. Asidi amino, ambazo ni matofali ya protini, zinapita na kumwagwa pamoja na taka, gramu 6 hadi 12 kila anaposafishwa. Tena kule kusafishwa kwenyewe kunauchosha mwili na kuufanya ule misuli yake. Ndiyo maana mgonjwa wa dialisisi anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72, mara moja na nusu au zaidi ya kiwango cha kabla ya mashine.

Sasa tupige hesabu ya sahani ya mzee kwa yale uliyoniandikia. Kikombe cha wali kina kama gramu 4 za protini, kipande cha mkate 2 au 3, bakuli la uji wa sembe lisilotiwa kitu halizidi hizo. Kabichi ni kama hakuna. Ukijumlisha uji mara mbili, vipande vinne vya mkate na vikombe viwili vya wali, hufiki gramu 30. Anakula nusu ya anachohitaji, na mara mbili kwa wiki mashine inachukua sehemu ya hiyo nusu. Kilo saba zilizoondoka hazijapotea kimiujiza.

Na zinaweza kuwa zaidi ya saba. Hili nalitilia mkazo kwa sababu linafichika. Wagonjwa wa dialisisi wana kile tunachokiita uzito mkavu, yaani uzito baada ya maji ya ziada kutolewa. Mtu akikonda nyama, nafasi ya nyama inakaliwa na maji, na mizani inaendelea kusoma namba ileile. Wanaomsafisha wasipoushusha uzito mkavu mapema, maji yanabaki mwilini, presha inapanda, pumzi inakuwa fupi usiku. Angalia mapaja yake, na ile nyama kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Pakiwa pamebonyea, mwambie daktari kwamba uzito mkavu unahitaji kupimwa upya.

Nakueleza haya kwa uchungu kwa sababu nimeyaona nikiwa sehemu yake. Nilipoanza kazi kwenye chumba cha kusafishia damu, katika hospitali moja ya rufaa ambayo sitaitaja, tulikuwa na karatasi moja ya kurudufu kwa kila mgonjwa wa figo, awe wa hatua ya tatu au wa mashine. Niliigawa mimi mwenyewe. Alikuwepo mzee mmoja mvuvi, mtu wa mifupa mipana, aliyekuja na karatasi yake ameikunja mara nne kwenye mfuko wa shati. Alikuwa mtiifu kuliko wote. Potasiamu yake kila mwezi ilikuwa nzuri, fosforasi nzuri, na mimi nilimsifu mbele ya wenzake. Mwezi wa saba muuguzi akaniita nimwone mkono wakati anafungwa kitambaa cha presha. Kitambaa kilizunguka mkono, kikajifunga, kikazunguka tena. Mkono ule ulikuwa umevuta nyavu kwa miaka arobaini. Nikamwuliza, "Mzee, samaki unakula?" Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, si mliniandikia nisile?" Hakuwa mgomvi, alikuwa ananikumbusha tu. Alifariki wiki chache baadaye kwa maambukizi ambayo mwili wenye nguvu ungeweza kupambana nayo. Majibu mazuri ya maabara niliyokuwa nikimsifia yalikuwa ni ya mtu asiyekula. Tangu siku hiyo sijampa mgonjwa karatasi bila kuandika juu yake tarehe, hatua ya ugonjwa, na siku ya kuibadilisha.

Baadaye nilipoanza kufundisha ndipo nilipoona kwamba kosa lile lina historia ndefu. Lishe ya figo tunayoifahamu ilizaliwa zamani, mashine zilipokuwa hazipo au ni za wachache mno. Kuanzia mwaka 1939, daktari Walter Kempner, mkimbizi kutoka Ujerumani aliyekuwa Chuo Kikuu cha Duke kule North Carolina, aliwalisha wagonjwa wa presha na figo wali, matunda na sukari, protini kama gramu 20 tu kwa siku na chumvi karibu hakuna. Wapo waliopata nafuu kubwa kwa wakati ule. Mwaka 1963 na 1964 Waitalia, Carmelo Giordano kule Naples, kisha Sergio Giovannetti na Quirino Maggiore kule Pisa, walionyesha kwamba protini kidogo mno lakini iliyo bora, kama ya yai, inaweza kumpunguzia mgonjwa kichefuchefu na mateso ya urea. Ulikuwa ushindi mkubwa. Kwa mgonjwa asiye na mashine, chakula ndicho kilichokuwa dawa peke yake. Kule Seattle Belding Scribner alikuwa ameshaanza mwaka 1960 kusafisha wagonjwa tena na tena kwa kuwaachia mrija mkononi, lakini nafasi zilikuwa chache kiasi kwamba kamati ya raia ilikaa kuchagua nani apate.

Mashine zikaenea, karatasi zikabaki zilezile. Chakula anachokula baba yako leo hakiko mbali na cha Kempner, ila wagonjwa wa Kempner walishiba, walikuwa chini ya macho ya daktari, na hakuna mashine iliyokuwa ikiwatoa asidi amino.

Waliogeuza mambo ni watu waliokaa na wagonjwa wenyewe wakiwauliza maswali ya kawaida kabisa. Nikifundisha napenda kuwatajia wanafunzi wangu kazi ya Jerrilynn Burrowes, profesa wa lishe aliyefundisha Long Island University, New York, kwa sababu ukiufuata mwendo wa kazi yake unauona mwendo wa fani yenyewe. Alikuwa miongoni mwa wataalamu wa lishe kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uitwao HEMO, uliofuatilia wagonjwa 1,846 wa dialisisi. Matokeo makuu yalitoka mwaka 2002: kuwasafisha kwa kiwango kikubwa zaidi ya kile cha kawaida, au kwa kichujio chenye matundu makubwa zaidi, hakukupunguza vifo kwa namna ya kuonekana wazi. Wengi walivunjika moyo. Lakini ndani ya utafiti ule Burrowes na wenzake walikuwa wameuliza jambo ambalo mama yeyote jikoni angeuliza: hamu yako ya kula ikoje wiki hii? Mwaka 2003 walionyesha kwamba siku ya mashine wagonjwa hula kidogo kuliko siku nyingine. Mwaka 2005 wakaonyesha kwamba wale waliosema hamu yao ni mbaya ndio waliokuwa wakilazwa hospitali zaidi.

Swali lile halina gharama, wala halihitaji maabara. Mimi ndilo la kwanza kumuuliza mgonjwa, kabla sijafungua faili. Mwongozo wa lishe ya figo wa Marekani uliotoka mwaka 2020, ambao Burrowes alikuwa mmoja wa waandishi wake, ndio huo wenye gramu 1.0 hadi 1.2 nilizokutajia kwa mgonjwa wa dialisisi, na umeacha kutoa namba moja ya potasiamu kwa watu wote. Unataka potasiamu ya chakula irekebishwe kulingana na damu ya mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo ukisikia tumebadilisha maneno, usidhani kila mtu anasema lake. Tumejifunza, na wengine wamelipa gharama ya kujifunza kwetu.

Sasa tuje kwenye mihogo, najua ndiyo inayokuuma.

Potasiamu ni madini ambayo moyo unayategemea kupiga sawasawa. Kwenye damu inatakiwa ikae kati ya 3.5 na 5.0 hivi, ikipita 6 tunaingiwa na hofu, maana moyo unaweza kusimama bila kuonya. Gramu 100 za parachichi zina miligramu kama 480, ndizi mbivu 360, mihogo mibichi 270. Nanasi na tofaa zina kama 110. Glasi moja ya madafu inakaribia 600, tena inateremka upesi kuliko chakula, kwa hiyo madafu mimi nayakataza kabisa kwa mgonjwa wa dialisisi, na sisemi hivyo kwa vitu vingi.

Mihogo haikatazwi, inapikwa kwa namna yake. Burrowes huyohuyo na mwenzake waliichukua mizizi ya nchi za joto, jamii ya viazi vikuu na magimbi, wakaipika kwa njia mbili na kupima potasiamu iliyobaki. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Kupika mara mbili, yaani kuchemsha, kumwaga maji, kutia maji mapya na kuchemsha tena, kulitoa potasiamu nyingi kuliko kupika mara moja kwa mizizi mingi waliyojaribu. Haikuisha yote. Bado kipimo kinahitajika. Na mwaka 2008 watafiti wawili wa viazi kule Wisconsin walionyesha jambo lililonishangaza, kwa kuwa nami nilikuwa nafundisha kinyume: kuloweka viazi usiku kucha kwenye maji baridi hakuondoi kitu cha maana. Kinachoondoa ni kuchemsha, na udogo wa vipande. Viazi vilivyokatwa vipande vidogo vya pembe nne vilipoteza karibu nusu ya potasiamu, vilivyokunwa vilipoteza robo tatu.

Jikoni kwako itakuwa hivi. Menya muhogo, toa ule mzizi wa katikati, kata vipande vya ukubwa wa kiberiti kidogo, si mapande yale ya kuchoma. Sufuria iwe kubwa, maji mengi, chumvi usitie. Yachemke dakika kumi, mwaga yote. Tia maji mapya ya moto, chemsha mpaka uive, mwaga tena. Ndipo uweke kitunguu, pilipili hoho na tui jepesi kidogo, tuseme vijiko vitatu vya chakula kwa sahani, badala ya kuuzamisha kwenye tui zito kama tulivyozoea. Sahani yake iwe kikombe kimoja, mara moja au mbili kwa wiki, na mlo huo usiwe na kitu kingine chenye potasiamu nyingi. Ndizi za kupika, viazi vitamu na magimbi ni njia hiyohiyo. Mchicha na kisamvu: chemsha, kamua, mwaga maji, ndipo uunge. Mtori ni mgumu, kwa sababu ndizi na mchuzi wake ni chungu kimoja na potasiamu haina pa kukimbilia. Akiutamani sana, zichemshe ndizi kwanza na kumwaga maji, kisha uendelee.

Jambo ambalo karatasi nyingi hazilisemi ni siku. Baba yako anasafishwa Jumanne na Ijumaa. Kutoka Jumanne hadi Ijumaa ni siku tatu, kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni nne. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba hata kwa wale wanaosafishwa mara tatu kwa wiki, vifo na kulazwa kwa ajili ya moyo huongezeka mwishoni mwa lile pengo refu la wiki. Yeye ana pengo refu zaidi. Kwa hiyo muhogo wake uwe wa Ijumaa jioni au Jumamosi mchana. Jumapili na Jumatatu kaza kamba: wali, ugali wa sembe, kabichi, matango, bamia, tofaa au nanasi kipande. Harusi nyingi ziko wikiendi, nalijua hilo, na pilau ya nyama atakula, ila ile juisi ya maembe au ya ukwaju aipishe. Na kama siku moja akikosa mashine kwa sababu yoyote, sheria ya Jumatatu inaendelea hadi asafishwe. Choo kikifunga pia mtafutie dawa mapema, kwa sababu figo zikishindwa, utumbo hubeba sehemu kubwa kuliko kawaida ya kazi ya kutoa potasiamu.

Kuna vitu vitatu ambavyo nakuomba visiingie kabisa kwenye nyumba hiyo. Cha kwanza ni chumvi mbadala, ile inayouzwa kwa wenye presha kwamba ina sodiamu kidogo. Mara nyingi sodiamu imebadilishwa na potasiamu, na kwa baba yako hiyo ni sumu mezani. Cha pili ni birimbi. Najua Tanga achari ya birimbi ni heshima ya mchuzi wa samaki, lakini tunda lile lina asidi oksaliki nyingi, na India wameripoti watu waliokuwa na figo nzima zikafeli baada ya kunywa juisi yake. Ndugu yake, lile tunda lenye pembe tano linaloonekana kama nyota ukilikata, ni baya zaidi kwa wagonjwa wa figo: huanza na kwikwi isiyoisha, kisha kuchanganyikiwa, kisha degedege, na wapo waliokufa. Cha tatu ni unga wowote wa mitishamba wa "kusafisha figo", hata ukitoka kwa mtu mnayemheshimu.

Fosforasi nitaipitia haraka. Ikizidi huumiza mifupa, huleta muwasho wa ngozi na kuifanya mishipa ya damu iwe migumu. Hapa maharage yameonewa. Fosforasi ya maharage na nafaka imefungwa kwa namna ambayo utumbo wa binadamu hauifungui vizuri, kwa hiyo tunanyonya sehemu yake tu, wakati ile ya nyama tunanyonya zaidi, na ile inayotiwa viwandani kwenye soseji na soda nyeusi za kola tunainyonya karibu yote. Sharon Moe na wenzake kule Indianapolis mwaka 2011 waliwalisha wagonjwa walewale wa figo protini ya nyama wiki moja na ya mimea wiki nyingine, fosforasi ikiwa sawa kwenye sahani. Wiki ya mimea fosforasi ya damu ilikuwa chini. Kwa hiyo nusu kikombe cha maharage yaliyochemshwa yakamwagwa maji namruhusu mzee mara mbili kwa wiki. Dagaa nampunguzia, maana tunawala na mifupa yao, na waliokaushwa kwa chumvi wanaleta matatizo mawili kwa mkupuo. Kama ameandikiwa vidonge vya calcium carbonate, vile vinavyoshika fosforasi ya chakula tumboni, avimeze katikati ya kula. Akivimeza baada ya saa nzima, chakula kimeshapita na kidonge hakina cha kushika.

Maji. Chukua dumu, pima mkojo wake wa saa 24. Kiasi hicho, ongeza nusu lita, ndicho anywe kwa siku, na uji, chai, supu na barafu vyote vinahesabiwa. Lita moja ni kilo moja kwenye mizani. Ukimwona na kiu isiyokatika usigombane na kikombe, tafuta chumvi ilipojificha: kwenye mkate, kwenye vipande vya kiungo cha mchuzi, kwenye magadi unayotia kuilainisha mboga. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichofutwa juu, na hicho kinajumlisha iliyokwishatiwa na mwokaji mikate. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na bizari vitakusaidia sana.

Sahani ya siku moja, ili usiniambie nimekuacha hewani: asubuhi mayai mawili ya kuchemsha na chapati moja au mkate, chai ya rangi kikombe kidogo. Hizo ni gramu 12 za mayai. Mchana wali na kipande cha changu au kibua kinachotosha kiganja chake bila vidole, kama gramu 20 na zaidi kidogo, na kabichi iliyokaangwa kwa mafuta. Jioni ugali wa sembe na kuku kipande cha kiasi hichohicho. Ukijumlisha na za nafaka, umefika 65 hivi. Kwa anayesafishwa mara mbili tu kwa wiki mimi huanzia chini, kwenye gramu 1.0 kwa kilo, naangalia urea kabla ya mashine kwa mwezi mmoja, kisha ndipo napanda. Mafuta usimwogopee. Asipopata nguvu za kutosha kutoka kwenye wali, mafuta na sukari, mwili utaichoma protini kama kuni na mayai yote yatakuwa yamekwenda bure. Kwa kuwa sukari hana, kijiko cha asali kwenye mkate kinafaa.

Usianze na sahani yote hiyo. Tumbo lililozoea uji linakinai haraka, na mtu mwenye hofu akitapika mara moja ataapa hatagusa tena. Wiki ya kwanza yai moja tu kwa siku. Wiki ya pili samaki. Kwa vile siku ya mashine hamu hushuka, siku hiyo usimpikie mlo mkubwa, mgawie kidogo mara tano.

Kuhusu ugomvi: mzee hakatai yai, anaogopa kufa, na aliyemfundisha kuliogopa yai ni sisi. Usimshinde kwa maneno mbele ya wajukuu. Kwenye chumba kile cha mashine hakosi mtu wa rika lake aliyekaa pale miaka minne au mitano na bado anatembea kwa miguu yake. Mwombe muuguzi awakalishe viti jirani Jumanne ijayo. Wazee wanaambiana mambo ambayo sisi watoto wao hatuwezi kuwaambia. Wewe siku hiyo muulize daktari namba nne na uziandike: potasiamu, fosforasi, albumini (protini iliyo kwenye damu), na uzito mkavu waliouweka. Ile karatasi ya mwaka jana ipeleke, muombe aandike juu yake kwamba muda wake umekwisha, atie sahihi, na baba aone kwa macho yake sahihi ikitiwa.

Na yai la kwanza lichemshe wewe asubuhi hiyo, lifunge kwenye kitambaa na kipande cha chapati, umpe akishatolewa kwenye mashine na presha yake imepimwa ikakaa sawa.